Ndege anaitwa "wazo"

Bujumbura

Shoga yangu,

Uniamkie mama na wote hapo Tanga. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi ya kuanika nguo.

Ile sauti uliyonitumia ukisoma Kifaransa nimeisikiliza mara tatu, na ya tatu nikapaliwa na chai. Beaucoup umeisoma "be-a-u-ko-up"! Sikulaumu. Kiswahili kimetuzoesha kwamba herufi ikiandikwa lazima isikike. Kwa hawa, nyingi zinasindikiza tu. Tazama oiseau, yaani ndege: herufi sita, silabi mbili, oi-seau, na inatamkwa "wazo". Wazo hilihili letu, ila mkazo uuweke mwishoni, wa-ZO. Sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tunajulikana kabla hatujamaliza sentensi.

Kukata silabi kusikutishe, maana kwa sehemu kubwa wanakata kama sisi. Konsonanti iliyo kati ya irabu mbili huifuata inayokuja: ca-na-pé, kama ki-ta-bu. Zikiwa mbili huachana, par-tir, lakini b na l za tableau zinakwenda pamoja, ta-bleau. Na gn ni ny yetu ya nyanya, usiitenganishe.

Kazi iko kwenye n. Chukua matin, asubuhi: ma-tin. Hapo n imefunga silabi, basi yenyewe haisikiki, inaipeleka irabu puani tu. Sasa chukua matinée: ma-ti-née. N imehamia silabi ya tatu, imepata irabu yake, inasikika n kamili, na ile i inarudi kuwa i ya kawaida. Mimi nilikaa miezi nikiyatamka yote mawili kwa pua, muuza mkate ananitazama tu. Kumbe nilikuwa sijui n iko upande gani wa mkato.

Halafu kuna e inayomezwa. Daftari linasema sa-me-di, mdomo unasema "sam-di". Mwalimu wako akikuuliza Jumamosi yao ina silabi ngapi, muulize kwanza: za kuandika au za kusema?

Nitumie sauti nyingine, usome bon kisha bonne. Na ile kanga uliyoniahidi sijaisahau.

Ni mimi shoga yako