Risala ya Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Hali ya Bwawa la Shamba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mzee wetu mwenye shamba,
Viongozi wa kijiji na wa kitongoji cha bondeni,
Wakulima wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha juu ya tuta hili. Kabla hatujasema lolote, tunakuomba utazame kushoto kwako, penye viroba vya mchanga. Pale ndipo kwenye utoro, njia ya maji yanayozidi, na ndipo risala yetu inapoanzia.

Bwawa hili la udongo ni mali ya mtu binafsi. Likijaa lina kina cha mita 6, maji yana upana wa mita 100 kwenye tuta na yanarudi nyuma mita 250. Kwa bwawa dogo la bondeni, zidisha namba hizo tatu kisha gawanya kwa 6: unapata takriban mita za ujazo 25,000. Hizo ni tani 25,000, na chini yake kuna nyumba. Bwawa la Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, nalo lilikuwa la shamba binafsi. Lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 katikati ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilele cha tuta kiko mita 1 juu ya sakafu ya utoro, na utoro una upana wa mita 10. Ukiwa wazi, kabla maji hayajafika kileleni unaweza kupitisha kama mita za ujazo 17 kwa sekunde. Viroba vilivyopangwa humo ili bwawa libebe maji zaidi vimepanda nusu mita. Nusu mita iliyobaki inapitisha kama 6 tu. Kina kimepungua nusu, lakini uwezo umepungua karibu theluthi mbili. Mafuriko yakizidi hapo, maji yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo halina ubavu wa kuhimili hilo: maji huanza kuchimba kwenye mteremko wa nyuma, shimo likapanda hadi kileleni, kazi ikaisha kwa saa chache.

Hatumlaumu mzee wetu kwa ukorofi. Nusu mita hiyo inaongeza kama mita za ujazo 6,000, na kiangazi kikikaza kila mwenye nyanya shambani anaziona. Lakini maji ya ziada yatafutwe kwa kufukua tope, si kwa kuziba utoro. Tope lifukuliwe bwawa likiwa limekauka, mbali na kitako cha tuta, na bila kutoboa tabaka la mfinyanzi lililo chini, la sivyo bwawa litageuka chujio. Wavu wa kuzuia samaki uliotandazwa utoroni nao uondolewe. Magogo na majani hunasa humo, ukawa ukuta.

Jambo la pili ni unyevu ule nyuma ya tuta, chini, mahali ukoka umebaki kijani wakati pengine pote pamekauka. Tuta la udongo halikosi kuvuja kidogo. La kujua ni kiasi na rangi. Maji yaelekezwe kwenye mfereji mdogo, yakingwe kwa ndoo ya lita 20 na sekunde zihesabiwe, kisha mengine yatiwe kwenye chupa nyeupe yatulie. Yakiwa masafi, na yakipungua bwawa linaposhuka, endeleeni kupima. Yakiongezeka bwawa likiwa palepale, au yakiacha tope chini ya chupa, basi udongo wa tuta unasafirishwa kutoka ndani.

Hapo watu wengi hukosea kwa nia njema: wanabeba udongo wa kichuguu na kuziba tundu. Maji yaliyozibiwa hutafuta njia nyingine, kwa nguvu zaidi. Kinachotakiwa ni mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki, huku bwawa likishushwa. Kama hakuna hatari ya papo hapo, lishushwe taratibu, kama sentimeta 30 kwa siku. Likishushwa haraka, udongo wa upande wa maji hubaki mzito kwa maji yaliyo ndani yake ukaporomoka. Tuta likianza kuvunjika, sahauni kipimo hicho. Hamisheni watu kwanza.

Kushusha bwawa kunahitaji valvu inayofunguka, na ya hapa imekwama. Ipo mwisho wa bomba, nyuma ya tuta, kwa hiyo bomba lote lililopita ndani ya udongo lina shinikizo muda wote. Kutu ikilitoboa, maji yatamwagika tumboni mwa tuta. Wanaojenga upya waweke valvu upande wa maji. Kwa sasa pampu ya inchi 4 iwekwe tayari kabla ya masika.

Mikaratusi ile miwili iliyoota tutani ikikatwa, mizizi yake itaoza na kuacha vichochoro vya maji. Kwa hiyo ing'olewe bwawa likiwa chini, na mashimo yajazwe mfinyanzi wenye unyevu, ukishindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimeta 15 kila moja. Mashimo ya kenge na nungunungu yajazwe vivyo hivyo. Ng'ombe wanywe kwenye birika nje ya bwawa, wasipande tutani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba yafuatayo. Bodi ya Maji ya Bonde ilete mtaalamu akague tuta na vibali kabla ya mvua, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa pia mabwawa ya watu binafsi. Viroba viondolewe leo, mbele yako, na vijana wako tayari na majembe. Mlinzi apewe daftari la kina, mvujo na nyufa, hasa nyufa zinazokatiza tuta kutoka upande wa maji kwenda nyuma; aandike kila wiki wakati wa kiangazi na kila siku wakati wa masika. Mwisho, kitongoji cha bondeni kipewe kengele, mtu mmoja wa kuigonga usiku na njia ya kupandia mlimani iliyofyekwa.

Tunaomba kuwasilisha.