Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dodoma: Tupatieni mahali pa kupigia muziki

Mstahiki Meya,

Mbukwa!

Mimi ni mpiga gitaa la besi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikipiga kwenye baa na kumbi za hapa mjini, Ijumaa na Jumamosi, na mara nyingine Jumapili mchana penye nyama choma. Bendi yetu ilikuwa na watu tisa. Leo tumebaki wanne. Wenzetu wengine wamehamia Dar es Salaam, na mpuliza tarumbeta wetu anaendesha bodaboda.

Watu wa kusikiliza wapo. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 mji umejaa, na tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria mwaka 2024, mtu anatoka Dar mchana, jioni yuko Dodoma, ameshaoga na anauliza aende wapi. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na wageni wa semina. Nikitaka kuwaelekeza kwenye zeze na ilimba, ala za asili za Wagogo, sina pa kuwapeleka. Wanaishia kusikiliza nyimbo za kwenye simu ya mhudumu wa baa.

Hilo linaniuma sana. Hii ndiyo nchi ya marehemu Hukwe Zawose, aliyeufikisha muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003. Hapo Chamwino lipo tamasha la muziki wa Kigogo, na aliyewahi kuwaona akina mama wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, vumbi linatimka, hawezi kusahau. Lakini tamasha likiisha, wanarudi shambani, na mjini kunabaki kimya. Zanzibar wana tamasha lao la muziki, Sauti za Busara, tangu mwaka 2004, na anayefaidika si mwanamuziki peke yake. Muulize mwenye nyumba ya wageni, dereva wa teksi na muuza urojo.

Kikwazo chetu kikubwa ni vibali na kelele. Usiku mmoja tulizimiwa mitambo katikati ya wimbo. Mwenye ukumbi alikuwa na karatasi mbili, akaambiwa inakosekana ya tatu, ambayo hakuna aliyewahi kumtajia. Wateja waliondoka bila kulipa, nasi tukarudi nyumbani bila hata nauli.

Jirani naye ana haki ya kulala, Mstahiki, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo kwa ajili yake. Sisi wa besi tunalijua hilo kuliko wengine, kwa sababu sauti nzito ndiyo inayopenya ukuta na kumfuata mtoto kitandani. Baa nyingi zetu hazina hata ukuta, ni bati na nguzo, katikati ya makazi. Haiwezekani tukapiga pale bila kumkera mtu. Kwa hiyo Jiji linapopima viwanja vipya, litenge eneo la kumbi mbali na nyumba za watu, na masharti yote ya kibali, ada na saa za kuzima mitambo, yabandikwe mahali pamoja ambapo kila mwenye ukumbi atayasoma.

Wakati tukisubiri hayo, naomba jambo dogo. Tupatieni Nyerere Square Ijumaa moja kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, bila kiingilio. Waanze wazee wa zeze na akina mama wa muheme, kisha bendi za mjini zifuate. Mama lishe wauze chakula, wakulima wetu wa zabibu walete matunda na mvinyo wao.

Mitambo tunayo. Ijumaa ya kwanza tutapiga bila malipo, na mpuliza tarumbeta ameniahidi kwamba siku hiyo bodaboda ataiacha nyumbani.

Wako katika ujenzi wa Jiji,
Mpiga besi, Makole