Barua kwa watangazaji vijana wa Iringa: semeni kwamba mmelipwa

Wanangu mnaotangaza kwenye redio za hapa Iringa, kamwene.

Juzi nimemsikia mmoja wenu kwenye kipindi cha kilimo akisifia kiuatilifu dakika kumi nzima, kwa sauti ileile anayosomea taarifa ya habari. Hakusema kama kipindi kimelipiwa. Nilijua tu, maana na mimi nilishafanya hivyohivyo.

Yangu ilikuwa mbegu ya mahindi. Mwenye kampuni alilipia kipindi, mimi nikaisifia kana kwamba ni ushauri wangu. Januari, mvua inanyesha, akaja mama mmoja kutoka Kilolo. Akafungua fundo la khanga, akamwaga punje juu ya meza ya mapokezi, akazisugua kwa kiganja kilicholowa. Ile rangi ya waridi inayopakwa kwenye mbegu ikahamia mkononi, chini yake mahindi meupe ya kusaga. Hakutukana. Alisema, "Baba, nilinunua kwa sababu ulisema wewe."

Meneja wetu alijitetea kwa hesabu: tangazo limelipa mishahara ya watu tisa, waliopata hasara ni wachache. Hiyo ni hoja ya John Stuart Mill, Mwingereza aliyefundisha kwamba tendo jema ni lile linaloongeza furaha ya walio wengi, ila meneja aliikata katikati. Mill angetaka hesabu yote. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, tulitangaza namna ya kuwatambua, na wakulima wakatuuliza safari hii ametulipa nani. Hasara hiyo mbona haikuwa kwenye karatasi ya meneja?

Immanuel Kant, Mjerumani, hahangaiki na hesabu. Mwaka 1785 aliandika kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kumfikisha mwingine anakotaka. Huyu ndiye aliyenikamata. Kwake, hata mbegu ile ingeota yote, kosa langu lingebaki palepale: nilimnyima yule mama nafasi ya kuamua huku akijua sauti yangu imenunuliwa.

Halafu kuna bahasha ya kaki yenye pesa mnayopewa kwenye semina, mnayoiita nauli. Najua wengine mnalipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa, kwa hiyo sitawahubiria juu ya njaa. Lakini Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema tabia huja kwa kurudia tendo, na nauli ya kwanza huwa haiji peke yake. Kazi hii Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari mwenzetu, aliifia Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012. Mimi nikikumbuka hilo, bahasha hunishinda kushika.

Kwa sasa naomba sentensi moja, mwanzoni mwa kipindi na mwishoni: "Kipindi hiki kimelipiwa na fulani." Mfadhili atanuna. Wangu alinuna, akaondoka, tukakaa miezi miwili bila mshahara kamili.

Jumamosi kuanzia saa nne nipo nyumbani Kihesa. Njooni na mikataba yenu ya matangazo tuisome mstari kwa mstari. Chai ipo.