Unga "uliothibitishwa kwa panya"

Mhariri,

Kazi yangu ni kulisha na kupima panya weupe katika maabara moja hapa Nairobi. Juzi, matatu ikisubiri kujaa, mchuuzi alipanda akatunadia unga wa uji. Eti umethibitishwa kwa panya, basi watoto wetu watarefuka. Pole pole, ndugu yangu!

Panya hujitengenezea vitamini C mwilini, mtoto hawezi. Tena panya hula kinyesi chake, akapata humo vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo. Hata ukimweka juu ya sakafu ya waya, mjanja huyo hukidaka kabla hakijaanguka. Kwa hiyo unga unaomtosha panya huenda usimtoshe mtoto.

Sisemi panya hatufundishi kitu. Mwaka 1914, watafiti Osborne na Mendel wa Marekani waliwalisha panya zeini, protini ya mahindi, kama protini pekee: wakakonda. Walipoongezewa triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, uzito haukushuka tena. Ilipoongezwa na laisini, kijenzi kingine, wakakua. Maharagwe yana laisini nyingi, ndiyo sababu naiheshimu githeri, mahindi yaliyopikwa na maharagwe, kuliko pakiti ile. Mchuuzi atuambie unga wake una laisini kiasi gani, na ni watoto gani waliopimwa.

Mtunza panya,
Kangemi, Nairobi