Lebo mbovu zinawaangusha wakamuaji wetu wa alizeti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lebo za bidhaa za wajasiriamali wadogo wa hapa Dodoma. Wiki iliyopita, katika Soko la Majengo, nilishika chupa ya mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa vizuri, lakini picha ya ua ilikuwa na ukungu, na tarehe ya mwisho wa matumizi, iliyochapwa kwa maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe, haikusomeka hata nilipoisogeza kwenye mwanga. Mama aliyesimama kando yangu aliirudisha chupa hiyo mezani, akachukua ya kiwanda kikubwa kwa bei ya juu zaidi, na sikuweza kumlaumu.

Mara nyingi chanzo cha ukungu huo ni picha ndogo iliyotumwa kwa simu kisha ikakuzwa, ilhali uchapaji mzuri huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Rangi nazo hubadilika, kwa kuwa kioo cha simu hutumia mwanga na mashine hutumia wino.

Nawasihi wachapaji wamwonyeshe mteja nakala moja ya karatasi kabla ya kuchapa mamia. Mkamuaji wa mafuta yale niliyoyashika sokoni bado ana maboksi mawili ya lebo hizo.

Msomaji wako,
Dodoma