Gugu maji si godoro la kupandia mchicha

Mhariri,

Kila gugu maji linapoziba mwambao wa Ziwa Victoria, picha za bustani za kuelea za Bangladesh, zinazotengenezwa kwa gugu hilo hilo, huanza kuzunguka mitandaoni, na swali chini yake: sisi tunashindwa nini? Swali ni halali, ila picha zinaficha kazi.

Bustani hizo, wenyewe huziita dhap au baira, ziko kusini mwa nchi hiyo, maeneo kama Nazirpur wilayani Pirojpur, na Gopalganj, kwenye mabonde ambako maji hutuama miezi mingi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliziingiza katika orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2015.

Kazi huanza Juni au Julai, gugu likiwa limenenepa. Mkulima hulaza mianzi mirefu juu ya gugu lililo hai, husimama juu yake na kuvuta la pembeni, akilikunja na kulikanyaga. Tabaka la kwanza huachwa wiki moja hadi siku kumi lishuke na kukaza, ndipo huja la pili. Juu kabisa hutandazwa mimea laini ya majini iliyooza. Huo ndio "udongo" wenyewe. Urefu wa tuta waweza kufika mita 50, lakini upana hauzidi sana mita mbili, maana palizi na uvunaji hufanyika kutoka kwenye mtumbwi na mkono lazima ufike katikati. Anayepanda miche wakati gugu bado ni bichi huiunguza kwa joto la uozo. Asiyeongeza majani tuta linapopungua, huzama na bamia zake.

Tena, sehemu kubwa ya biashara ni miche, si mboga. Wanawake hufinyanga majani yaliyooza kuwa tonge, huchomeka ndani mbegu iliyokwisha chipua, ya boga, mung'unye au biringanya, kisha huzungushia usumba wa nazi tonge lisifumuke. Matonge hukaa kivulini kama wiki, halafu hupangwa juu ya tuta hadi wanunuzi waje na mashua. Mchicha na bamia hupandwa mbegu moja kwa moja.

Sasa tuangalie kwetu. Kwenye Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa, upepo husukuma gugu asubuhi huku, jioni kule. Tuta litavunjwa na mawimbi kabla halijaoza. Pa kujaribia ni vinamasi na mabwawa yaliyotulia ambako gugu tayari lipo; kulipeleka kwenye bwawa safi ni kujipalia makaa. Wala lisivunwe karibu na midomo ya mitaro ya miji na viwanda, kwa kuwa gugu hufyonza metali nzito, kwa mfano madini ya risasi, nazo huweza kuishia kwenye mboga.

Wengi wa pwani ya ziwa wangefaidika na hatua ya mwisho ya Wabangladeshi, ambayo haipigwi picha: maji yakipungua, tuta hufumuliwa na kuwa mbolea ya mazao ya kiangazi. Hiyo haihitaji kuelea. Gugu livutwe nchi kavu, linyauke siku chache kwanza kwani zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kisha lichanganywe na samadi na kufunikwa. Lililokwisha kutoa maua litengwe, maana mbegu zake hukaa hai miaka mingi topeni.

Msomaji wako,
Musoma