Harambee ya Sola Kiwayu: Mkopo Unaoijua Kusi

Assalamu alaykum ndugu na jamaa, na nyote wana wa kisiwa cha Kiwayu mlio Amu (Lamu), Malindi, Mombasa na ng'ambo.

Kikundi cha akina mama pamoja na kamati ya msikiti tunawaalika kwenye harambee ya kufunga sola katika nyumba 20 za kijijini ambazo mpaka leo huwasha koroboi. Ni Jumamosi ya pili baada ya Idi, alasiri, uwanja wa madrasa.

Wapo watakaouliza: si kuna sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu? Zipo, na zimewafaa wengi, hata hapa kwetu wako waliomaliza kulipa. Shida ni kusi, ule upepo mkali wa kusini. Juni hadi Agosti bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, na mvuvi aweza kukaa wiki nzima hajashika shilingi. Sola ya mkopo haina habari na hayo. Siku ulizolipia zikiisha hujifunga yenyewe, taa zikazima, na huku paneli iko juu inaota jua bure. Mama anaingia uvunguni kuitafuta koroboi yake. Na mwisho wa deni ukijumlisha, umelipa zaidi sana ya bei ya taslimu.

Ndiyo maana tunataka mfuko wetu wenyewe. Seti moja, yaani paneli, betri ya lithiamu, taa tatu na waya wa kuchajia simu, tumeipata kwa shilingi 15,000 taslimu. Nyumba itarejesha 500 kwa mwezi, ambazo nyingi tayari zinaishia kwenye mafuta ya taa na kuchajisha simu. Miezi ya kusi asiyenacho atangojewa, na hazimiwi taa mtu. Marejesho ya miezi mitatu yananunua seti mbili za nyumba nyingine. Bure hatutoi, taa za msaada tumeshaziona, zikiharibika hakuna anayezionea uchungu.

Kuhusu koroboi yenyewe hatuna haja ya kusema mengi, mmelelewa nayo. Asukaye ukili usiku huinamia moshi ili aone kindu anachosukia, na asubuhi mtoto akipenga kamasi ni masizi matupu. Tena tunalala chini ya makuti. Mlioiona Faza, kisiwa jirani cha Pate, baada ya moto wa 2009 mnajua moto ukishika paa moja unavyorukia la jirani.

Vijana wawili, msichana na mvulana, wameshajifunza ufundi. Paneli hawaiweki juu ya makuti. Wanasimika boriti ya mkoko pembeni, mbali na kivuli cha mnazi, kwa sababu kivuli cha kuti moja tu chaweza kupunguza umeme mno. Viungo vya waya wanavipaka grisi, maana chumvi ya hapa hula shaba upesi. Mwenye nyumba ataipangusa paneli mwenyewe kwa kitambaa na maji yasiyo ya chumvi, wala asione haya kupanda ngazi: vumbi na mavi ya kunguru vimezifanya sola nyingi zionekane mbovu ilhali ni nzima.

Hesabu ni hii. Seti 20 ni shilingi 300,000. Waya, grisi na betri za akiba ni 45,000. Akina mama wameshachanga 68,000 kwa kuuza mikeka na mahamri. Zimebaki 277,000.

Mlio mbali, pitishieni mchango kwa jamaa yenu aliye kijijini, naye ataufikisha kwa mweka hazina na kupewa risiti. Majina na kiasi vitabandikwa ukutani msikitini, na marejesho ya kila mwezi vilevile. Anayetaka jina lake lifichwe aseme, litaandikwa "Mja wa Mungu".

Ombi moja la mwisho, na tusamehewe kwa kusema wazi: msituletee betri kuukuu za gari. Zilitengenezwa za kuwasha injini, si za kuwasha taa usiku kucha, na zikishakufa hatuna pa kuzitupa kisiwani.